Mtupa hauna kosa shambani: tuutambue, tuuweke mbali na mto

Kila kiangazi kinapokaza na mito kubaki vidimbwi, simu za ofisini kwetu huanza kulia kwa habari ileile: samaki wanaelea, wakubwa kwa wadogo, na viluwiluwi wa vyura nao wamekufa. Ukifuata mto kwenda juu kidogo, mara nyingi unakuta majani yaliyopondwa yamenasa kwenye mawe. Ni utupa. Halafu huja swali la pili, na hilo ndilo lililonifanya niandike: "Mtaalamu, tuung'oe mti huu kijiji kizima?"

Hapana. Msiung'oe. Aliyevua kwa sumu ni mtu, na mmea huo una kazi kubwa ardhini kwenu.

Mti wenyewe ni mtupa, na sumu yake ni utupa, ingawa wengi huita vyote utupa. Ni kichaka cha jamii ya mikunde, ndugu wa kunde, mbaazi na maharage. Wataalamu wa mimea huuita Tephrosia vogelii. Neno la kwanza lina asili ya Kigiriki na lina maana ya rangi ya majivu, kwa sababu ya vinyweleo vinavyoyapa majani sura ya kijivu. La pili ni kumbukumbu ya Theodor Vogel, Mjerumani aliyekwenda na msafara wa Waingereza wa Mto Niger mwaka 1841 na kufariki mwaka huohuo. Mmea ni wa Afrika ya joto, na wenyeji wake waliujua na kuutumia zamani kabla haujapewa jina hilo.

Naomba tuutambue vizuri, maana hapa makosa ni mengi. Nimeletewa mifuko mizima ya marejea, wahusika wakiapa kuwa ni mtupa. Marejea ina ua la manjano, na ganda lake limevimba kama lililopulizwa. Likikauka, mbegu hucheza ndani kama kayamba. Mbaazi nayo ina ua la manjano, na kila jani lake lina vijani vitatu tu. Jani la mtupa lina vijani vingi, vimepangwa jozi jozi kwenye kikonyo kimoja na kimoja cha mwisho kwenye ncha. Kila kijani ni laini ukikipapasa, kama kitambaa cha hariri, na mishipa yake midogo imelala sambamba. Kichaka huweza kufika mita tatu hadi nne, na huishi miaka michache tu kabla ya kuchoka.

Ua ndilo linalotoa ushahidi wote wa ukoo. Huchanua kwenye ncha za matawi, mengi pamoja, meupe au ya zambarau. Chukua moja, ulilaze kiganjani. Petali ya juu ni pana, imesimama kama bendera, na mgongo wake una vinyweleo. Ubavuni kuna mbili kama mabawa. Chini kuna mbili zilizoshikana zikawa mkuku, kama mkuku wa jahazi, na ndani ya mkuku huo ndimo zimefichwa stameni kumi pamoja na ovari. Nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao, akitua juu ya mabawa, uzito wake huushusha mkuku, stameni huchomoza na chavua humpaka tumboni. Akienda ua jingine anaipeleka. Ukilifungua ua la kunde asubuhi utaona mpangilio uleule: bendera, mabawa, mkuku.

Ganda ni refu, hufika sentimita kumi na zaidi, na limefunikwa manyoya. Likikauka juani hupasuka ghafla, pande zake mbili hujisokota na mbegu hurushwa mbali na mama yao. Ndiyo maana mtupa huota mahali ambapo hakuna aliyeupanda, hasa kwenye mashamba yaliyolazwa na kandokando ya njia.

Chini ya ardhi kuna jambo ambalo wakulima wengi hawalitazami. Chimbua mche taratibu wakati wa mvua, usivute. Kwenye mizizi utaona vinundu. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu chekundu ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuugawia mmea. Kikiwa cheupe au kijivu, hawafanyi kazi. Majani yanapodondoka na kuoza, naitrojeni hiyo hubaki shambani kwako. Ndiyo sababu mtupa umetumika Malawi, Zambia na Kenya kupumzisha mashamba yaliyochoka kabla ya kurudisha mahindi.

Sasa sumu. Majani yamebeba kemikali za kundi la rotenoidi, na rotenoni ni mojawapo. Kazi yake ni kuziba hatua moja ya namna chembe hai inavyotumia oksijeni kupata nguvu. Samaki huinyonya moja kwa moja kupitia mashavu, kwa hiyo huja juu akitweta ingawa maji yana hewa ya kutosha. Anakosa pumzi ndani ya mwili wake. Utupa hauchagui: kambale wa kitoweo, vifaranga vya mwezi huu, viluwiluwi na wadudu wa majini ambao ndio chakula cha samaki wa mwakani, wote huenda pamoja. Unavua siku moja, mto unakaa mtupu.

Nasikia kila mara: "Lakini ni dawa ya asili, haina madhara." Naomba tuache kauli hiyo. Kitu kutoka mtini hakimaanishi ni salama. Rotenoni ni dutu ya asili, na bado Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye orodha ya viuatilifu vinavyoruhusiwa mwaka 2008. Mwanadamu huinyonya kidogo tumboni kuliko samaki anavyoinyonya kwa mashavu, hilo ni kweli, lakini si ruhusa ya kula samaki usiyejua ameuawa na nini. Wapo wanaosema utupa huku wametia mtoni kiuatilifu cha dukani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa sababu ya hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, na waliokuwa wakivua kwa halali walikosa soko pamoja na wahalifu.

Katika mkutano mmoja mzee alisimama akaniambia, "Mwanangu, babu zetu walivua kwa utupa na samaki hawakuisha." Nilimjibu shikamoo kwanza, kisha tukazungumza. Ni kweli walivua hivyo. Nilimwomba anihesabie kaya zilizokuwa kando ya mto ule alipokuwa kijana na zilizopo leo, na maji ya kiangazi yalikuwa yanamfika wapi. Alionyesha kiuno. Siku hiyo yalikuwa hayafiki magoti.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza kuvua kwa sumu, na sumu ya mmea ni sumu. Aliyetiwa hatiani hukabiliwa na faini au kifungo, au vyote viwili, na mtumbwi na zana zake vinaweza kutaifishwa. Ukikuta samaki wanaelea, usiokote, usile, usiuze. Toa taarifa kwa kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, kwa mtendaji wa kijiji au kwa afisa uvuvi, na utaje mahali, saa na majina ya walioshuhudia. Rotenoni huharibika upesi kwa mwanga na hewa, kwa hiyo taarifa ya siku tatu baadaye hutuachia kazi ngumu. Sampuli ya maji ichukuliwe na afisa kwenye chupa safi, ijazwe mpaka mdomoni, ifungwe isipate mwanga, ikae kwenye barafu, na iandikwe lebo palepale mtoni, si ofisini. Samaki wa sampuli wafungwe peke yao. Kila anayepokea kifurushi asaini, kwa kuwa saini moja ikikosekana upande wa utetezi utauliza ilikuwa wapi chupa hiyo usiku kucha, na utakuwa na haki ya kuuliza.

Kwa mkulima mambo ni mepesi. Panda mtupa shambani, lakini usiupande ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu eneo hilo. Usioshe vyombo vya kupondea kisimani wala mtoni. Mifugo isilishwe majani yake. Unga wa majani makavu umetumika kuhifadhi kunde na maharage dhidi ya bungua, na maji ya majani yaliyotiwa sabuni kidogo dhidi ya wadudu wa shambani. Sabuni inahitajika kwa kuwa rotenoidi haziyeyuki vizuri katika maji matupu. Ukitaka kufungasha na kuuza, hicho tayari ni kiuatilifu, na lazima kisajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kabla hakijaingia dukani.

Mwenye kulalamika kwamba mtupa wake "hauui kitu" huenda anasema kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuna aina mbili kwa kemikali, moja isiyo na rotenoidi, na nchini Malawi karibu robo ya sampuli zilikuwa za aina hiyo. Hiyo hurutubisha udongo lakini haigusi bungua. Kwa hiyo kabla ya kuchuma mbegu za kupanda, jaribu kwanza majani ya mti huohuo kwenye debe moja la kunde, na debe jingine liache bila kitu. Baada ya miezi miwili fungua yote mawili uhesabu matundu.