Samaki wa kilindini: mtoto hafanani na mzazi

Dhana: Mtoto wa samaki wa kilindini huzaliwa gizani, akiwa na umbo la wazazi wake kwa udogo.

Ukweli ni kwamba wengi wao huanza maisha katika mita 200 za juu za bahari, ambako mwanga hupenya na chakula ni kingi, na miili yao imeumbwa kwa maisha ya huko. Kiluwiluwi, yaani mtoto mchanga, wa samaki-joka mweusi, *Idiacanthus*, ana macho yaliyokaa kwenye ncha za vijiti virefu vinavyochomoza pande mbili za kichwa. Akikua, vijiti hufupika na macho hurudi kichwani. Kabla hilo halijajulikana, kiluwiluwi huyo alipewa jina lake la kisayansi, *Stylophthalmus*, kana kwamba ni samaki mwingine kabisa.

Dhana: Samaki wasiofanana hata kidogo ni wa familia tofauti.

Hapa hata wataalamu walipotea kwa miongo mingi, na hakuna wa kuwalaumu. Familia moja ilikuwa na samaki wadogo wa maji ya juu wenye mkia kama utepe, mrefu kuliko mwili mara kadhaa, na wote walikuwa wachanga. Ya pili ilikuwa na samaki wadogo wenye pua kubwa mno, wote madume. Ya tatu ni samaki-nyangumi wa chini ya mita 1,000: mdomo mpana, macho madogo sana, ngozi isiyo na magamba. Wote majike!

Mwaka 2003 vinasaba vya mitokondria (visehemu vya seli vinavyozalisha nishati) vya mwenye utepe na vya samaki-nyangumi vilionekana kukaribia kuwa sawa. Mwaka 2009 mtaalamu wa samaki G. David Johnson na wenzake walifunga hoja, wakisaidiwa na vielelezo vilivyonaswa katikati ya mabadiliko. Zote tatu ni familia moja: watoto, madume na majike.

Kinachonistaajabisha zaidi ni dume. Akiwa mchanga hula kwa wingi kopepodi, vijidudu vya majini jamii ya kamba. Akibadilika, tumbo la chakula na umio hutoweka, na taya hazifanyi kazi tena. Huishi kwa akiba iliyo katika ini lake kubwa, huku pua ikimsaidia kumtafuta jike.

Dhana: Kisamaki kilichong'ang'ania mwili wa samaki-mvuvi jike, yule mwenye fimbo ya chambo kichwani, ni mwanawe.

Bjarni Sæmundsson, mtaalamu wa samaki wa Iceland, alidhani hivyo mwaka 1922. Mwaka 1925 mwenzake wa Uingereza, Charles Tate Regan, alionyesha kwamba ni dume. Katika baadhi ya spishi, ingawa si zote, dume huungana na jike hadi damu ya jike ndiyo inayomlisha dume. Watoto halisi huelea juu, mbali na mama, na tayari majike hutambulika kwa kijinundu kidogo kichwani, ambacho baadaye hukua na kuwa fimbo ya chambo.