"Jengo jipya, mambo haraka": dhana zinazowaachisha watu ndege

Mteja anakaa ofisini kwangu hapa Ngamiani, Tanga, anapokea tiketi yake ya Muscat au Jeddah, anaikunja mara nne kama risiti ya dukani, kisha anasema lile lile walilosema wenzake: "Uwanja wa siku hizi si kama wa zamani, shangazi. Jengo kubwa, mashine kila kona. Nikifika nusu saa kabla nitakuwa nimewahi." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Haya ndiyo majibu yangu, someni wote kwa pamoja.

Dhana: Jengo ni kubwa na la kisasa, kwa hiyo hakuna haja ya kuwahi

Hii ndiyo inayoniumiza kichwa kuliko zote, nami nitakaa nayo.

Jengo la Tatu la abiria pale Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, lilizinduliwa tarehe 1 Agosti 2019. Miaka imepita, lakini kwa mtu wa Tanga ambaye safari yake ya mwisho ya nje alipitia Jengo la Pili, hilo bado ni jipya, na akiingia macho yanamtoka. Ana haki. Lilijengwa lipokee abiria milioni 6 kwa mwaka, wakati la pili lilipangiwa milioni 1.5 tu. Nafasi ipo, hewa ipo, na kusukumana kwa mikokoteni kumepungua. Sibishani na hilo hata kidogo.

Ninalobishana nalo ni hili: saa ya kufunga kaunta ya kuchekini, yaani ya kusajili abiria na mizigo yao, haipangwi na jengo, inapangwa na shirika la ndege. Safari nyingi za kimataifa, kaunta hufunguliwa kama saa tatu kabla ya ndege kuruka na hufungwa dakika 60 kabla. Geti nalo hufungwa dakika 15 au 20 kabla. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya ndege kuondoka, si saa yako ya kushuka kwenye teksi. Jengo lingejengwa kwa dhahabu, dakika 60 zingebaki kuwa 60.

Watu hudhani zile dakika 60 ni roho mbaya ya mhudumu. "Ndege naiona pale nje, wananizuia kwa nini?" Kwa sababu kaunta ikifungwa ndipo kazi nyingine inapoanza. Orodha ya abiria inafungwa. Mizigo inalinganishwa na majina, maana katika safari za kimataifa begi halitakiwi kuruka bila mwenyewe. Mtu akichekini kisha asionekane getini, begi lake linatafutwa tumboni mwa ndege na kushushwa. Uzito wa watu, mizigo na mafuta unapigwa hesabu ili rubani ajue ndege imekaa sawa kabla hajaiondoa. Ukimwingiza mtu mmoja na mabegi mawili dakika ya mwisho, hesabu hiyo inaguswa yote. Kulia kaunta hakusaidii, na kumpigia simu mjomba aliye serikalini hakusaidii. Kunipigia mimi ndiyo kabisa.

Na ukubwa wenyewe wa jengo una gharama yake. Unakaguliwa mlangoni, unakwenda kaunta, unakwenda uhamiaji, unakaguliwa tena, ndipo unatembea hadi getini. Mtu mzima mwenye magoti mabaya anaitembea safari hiyo polepole, na mwenye watoto watatu kila mmoja na kibegi chake anaitembea polepole zaidi.

Sasa chukua safari ya kutoka huku kwetu. Tuseme ndege ni saa 16:40, yaani saa kumi na dakika 40 jioni. Kaunta inafungwa saa tisa na dakika 40 alasiri. Mteja anapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, anahesabu kilomita kama 350, anajiambia saa sita mchana yuko Dar. Dar ipi? Basi linamshusha Mbezi Luis, stendi ya Magufuli. Uwanja uko Kipawa. Na hapo hatujagusa lori lililolala barabarani karibu na Chalinze, wala dereva aliyesimama Segera ili watu wapate kula. Ushauri wangu haujabadilika na hautabadilika: ndege ya nje, lala Dar. Kwa ndugu, kwa rafiki, gesti, popote. Pesa ya gesti ni ndogo kuliko ya kubadilishiwa tiketi, na kubadilishiwa kwenyewe ni pale tiketi yako inaporuhusu.

Kuna na mtego wa usiku wa manane. Tiketi imeandikwa Ijumaa, saa 00:45. Mteja anaswali Ijumaa yake, anakula biriani, anaagana na mtaa mzima, usiku anatia mguu uwanjani. Ndege iliondoka usiku uliopita. Kwa tiketi, siku mpya inaanza saa sita usiku, kwa hiyo 00:45 ya Ijumaa ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na wewe unatakiwa uwe kaunta Alhamisi saa tatu na nusu, saa nne usiku. Ajabu ni kwamba wazee wetu hawakosei hapa. Kwao usiku hutangulia mchana, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kisomo cha Yasini, Alhamisi baada ya magharibi. Wanaoachwa ni vijana wenye simu za gharama. Siku hizi kila tiketi ya saa zinazoanzia 00 naiandika kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi: "UWE UWANJANI ALHAMISI USIKU". Mteja mmoja alinisuta kwamba namfanya mtoto mdogo. Acha anisute. Alipanda ndege.

Dhana: Nimeshachekini kwenye simu, hata nikichelewa watanisubiri

Hawatakusubiri. Kuchekini kwenye simu kunakupa kiti, hakukupi ruhusa ya kuchelewa. Begi la kupakia bado lina saa yake ya mwisho kaunta, na kwa nchi zinazodai viza, mhudumu atataka kuiona viza yenyewe na pasipoti mkononi kabla hajakuruhusu.

Dhana: Uwanja ni mmoja, majengo ni mamoja

Ni matatu, na hayako chini ya paa moja. La Tatu lilijengwa kwa safari za kimataifa, la Pili likaachiwa za ndani, na la Kwanza, lile kongwe, ni la ndege ndogo na za kukodi. Ukitua kwa ndege ndogo ukadhani utavuka korido tu uingie kwenye ndege ya Dubai, utajikuta unatafuta teksi. Mwambie dereva jengo gani kabla hajaondoa gari. Na kama safari yako inaanzia Unguja, kumbuka kwamba Zanzibar nako wana Jengo la Tatu lao. Nimewahi kupigiwa simu na mtu anayeliulizia la Dar naye yuko Unguja.

Dhana: Lazima nibakishe dola za kulipia ushuru wa uwanja

Imo ndani ya bei ya tiketi. Mtu akikudai pesa taslimu ya "ushuru wa uwanja" nje ya kaunta, mwombe risiti uone atakavyopotea.

Dhana: Achari si maji

Kila msimu wa embe nasikia kilio hiki. Mama anamfungia mwanawe aliyeko Muscat chupa ya achari, mafuta ya nazi na asali, anavitia kwenye begi la mkononi ili visipasuke. Kwenye ukaguzi, chochote kinachomiminika au kupakwa kinahesabiwa pamoja na vimiminika: kila chombo kisizidi mililita 100. Inayoangaliwa ni chupa, si kilichobaki ndani yake. Chupa ya mililita 500 yenye vijiko viwili vya asali inabaki kuwa chupa ya mililita 500. Na hata ukipenya Dar, kwenye konekisheni, pale unapobadilisha ndege, unakaguliwa upya. Achari inakwenda kwenye begi la kupakia, mfuniko umezungushiwa gundi ya karatasi, chupa ndani ya mifuko miwili, katikati ya nguo ambazo hutazililia. Ng'onda hawana shida ya vimiminika, ila wana shida ya harufu, na jirani yako kwenye kiti ni binadamu.

Betri ya akiba ya kuchajia simu ni kinyume chake: hairuhusiwi kwenye begi la kupakia, inakaa na wewe. Betri za lithiamu huweza kushika moto, na moto ndani ya kabini unaonekana mapema. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nguvu ya betri), na betri nyingi za madukani ziko chini ya hapo.

Dhana: Mizigo nitaichukua Dubai niipeleke mwenyewe kwenye ndege nyingine

Kama safari yote iko kwenye tiketi moja, kwa kawaida begi linakwenda moja kwa moja. Soma kijikaratasi wanachokibandikia bodingi pasi, ile kadi ya kupandia ndege: herufi tatu za mji wa mwisho ndizo zinazosema ukweli. Kama ulinunua tiketi mbili mbalimbali kwa sababu ilikuwa rahisi mtandaoni, hapo ni shughuli nyingine. Mizigo utaitoa, na huenda ukahitaji viza ya nchi hiyo ili utoke kuichukua. Waliofanya hivyo huja kwangu baadaye kuuliza, si kabla.

Dhana: Mfuko wa plastiki wa dukani huko nje hauna neno

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na marufuku hiyo inamhusu pia anayeingia nayo. Kanzu na mitandio uliyonunua Deira kule Dubai, ihamishie kwenye begi la kitambaa kabla hujatua.

Dhana: Kadi ya homa ya manjano nitaichukua siku moja kabla ya safari

Kama nchi unayokwenda inaidai, sindano inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Jambo jema ni kwamba tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10, kwa hiyo aliyechanjwa hana haja ya kurudia. Ambaye hajachanjwa na ndege yake ni Jumamosi, asinijie Alhamisi na pamba mkononi, akiniomba niongee na watu wa uwanjani.