Chui haondoki mzima na begi la mtalii

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: eti mtalii akishalipia leseni ya kuwinda Tanzania, huondoka na chui wake mzima siku hiyohiyo, bila karatasi nyingine. Si kweli.

Kinachosafirishwa ni ngozi na fuvu. Ngozi hupakwa chumvi na kukaushwa. Fuvu huchemshwa hadi nyama yote itoke. Yule "chui mzima" wa sebuleni Marekani ni ngozi iliyovikwa umbo la povu gumu, macho ya kioo. Kazi ya miezi hiyo.

Na karatasi zipo. Kwa chui, mkataba wa kimataifa wa 1973 kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini (CITES) hudai vibali viwili, cha nchi anakotoka na cha nchi anakopelekwa. Orodha za mkataba huo ziko wazi mtandaoni. Mtafute mnyama anayetajwa.

Picha ndizo zinazochanganya: mwindaji kapiga magoti porini kando ya mnyama, kisha mnyama yuko ukutani. Chumvi na vibali havipigwi picha. Wavunja sheria wapo, kesi za nyara za Serikali tunazisikia, lakini hilo ni jambo jingine. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.