Viduara vyeupe kwenye picha za matembezi ya mizimu

Wengi waliowahi kumfuata kiongozi mwenye taa usiku akiwasimulia habari za mizimu, katika vichochoro vya mji mkongwe wa pwani, huamini kwamba viduara vyeupe vinavyojitokeza pichani ni roho za marehemu. Si ajabu, simulizi imeshawasisimua, na kwa macho hawakuona kitu.

Kwa kawaida ni vumbi au vitone vya unyevu wa bahari vilivyo karibu mno na lenzi. Mwanga wa flashi huvigonga ukarudi, na kwa kuwa kamera imelenga mbali, nukta huvimba ikawa duara. Hutokea hasa kwa simu, maana flashi yake imebanana na lenzi.

Ukitaka kuhakiki, piga tena palepale bila flashi, uone kama viduara vitatoweka. Au ukifika nyumbani kung'uta zulia gizani, kisha piga kwa flashi, uone kama vitarudi.