Kushuhudia imani katika mazungumzo ya kila siku: maana yake na mipaka yake

Kushuhudia imani katika mazungumzo ya kila siku ni tendo la Mkristo kumweleza mtu aliye naye, katikati ya shughuli za kawaida, anachokiamini kuhusu Yesu Kristo na jinsi imani hiyo inavyoyaongoza maisha yake. Tendo hili halihitaji mimbari, kipaza sauti wala cheo cha uchungaji. Laweza kutokea ofisini saa nne watu wakinywa chai, kwenye kiti cha kinyozi, au mlangoni pa ploti jioni, mradi wapo watu wawili wanaozungumza na mmoja wao ana sababu ya kumtaja Mungu.

Jijini Nairobi dhana hii huchanganywa kwa urahisi na mahubiri ya hadharani, kwa kuwa mahubiri hayo ndiyo yanayosikika zaidi. Mhubiri anayesimama katika Bustani ya Jeevanjee wakati wa chakula cha mchana, au yule anayeinuka ndani ya matatu punde tu inapoondoka stejini, anatangaza ujumbe: yeye husema, na abiria husikiliza au hutazama simu zao. Hajui majina yao wala hana haja ya kuyajua. Katika mazungumzo, msikilizaji ana haki ya kukatiza, kuuliza, kubisha na hata kubadilisha mada, na anayeshuhudia asipoweza kuyavumilia hayo, basi anahubiri tu kwa sauti ya chini.

Andiko linalotajwa mara nyingi ni Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, mstari wa 15, ambapo waumini wanaagizwa kuwa tayari siku zote kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini walilo nalo, tena kwa upole na kwa heshima. Agizo hilo lina sehemu ambayo wengi wetu huiruka: linachukulia kwamba kuna mtu ameuliza. Ikiwa majirani hawajawahi kuuliza lolote, pengine hawajaona kitu cha kuulizia. Injili ya Yohana nayo, katika sura ya 4, inamwonyesha Yesu akianza na mwanamke Msamaria kwa kumwomba maji ya kunywa, na mazungumzo yao yanapitia kisima, waume na mahali pa ibada kabla hajajitambulisha kuwa Masihi. Katika sura ya 9, mtu aliyezaliwa kipofu anapobanwa na Mafarisayo kuhusu hadhi ya aliyemponya, anakiri asilolijua na kushikilia analolijua, yaani kwamba alikuwa haoni na sasa anaona. Kwa hiyo anayeshuhudia halazimiki kuwa na jibu la kila swali la theolojia. Anachodaiwa ni ukweli kuhusu yale yaliyompata.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Uamsho wa kiroho uliochipuka Gahini, nchini Rwanda, na kuingia Kenya katika miaka ya 1930, uliwapa waumini wasio makasisi, wanawake wakiwemo, desturi ya kusimama na kusimulia waziwazi dhambi walizoziacha na neema waliyoipata. Swali la “Umeokoka?” ambalo bado huulizwa sana jijini, limeota mizizi katika desturi hiyo. Kati ya ndugu waliokubaliana kuulizana hali ya roho, ni swali jema. Likielekezwa kwa mtu usiyemjua kwenye foleni ya magari, humfanya ajihisi anakaguliwa, na hilo haliwezi kuitwa mazungumzo.

Tena, mtu huyo huenda ni Mkristo tayari. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya walijitambulisha kuwa Wakristo. Mkazi wa Nairobi unayezungumza naye yaelekea alibatizwa, alisoma somo la dini shuleni na anazijua tenzi kwa moyo. Kinachomzuia mara nyingi si kukosa habari za Yesu, bali ni yale aliyoyaona kwa watu wanaolitaja jina lake. Atakuuliza kuhusu Shakahola, ambako mwaka wa 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa. Atakuuliza kwa nini wanasiasa walikabidhiwa madhabahu na kutoa mamilioni, jambo ambalo vijana walilipinga vikali mwaka wa 2024. Hapa wengi hugeuka mawakili wa kanisa, na ndipo wanapompoteza. Ni bora zaidi kukubali kwamba kosa ni kosa, kisha kueleza kwa nini wewe mwenyewe bado unaamini.

Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa 2013, Evangelii Gaudium, alizungumzia mahubiri yasiyo rasmi yanayotokea katikati ya maongezi, akaweka mpangilio wake: kwanza mazungumzo ya kibinafsi, ambamo mwenzako anaeleza furaha, matumaini na mahangaiko yake, na baada ya hapo tu ndipo Neno linapoletwa, na sala fupi ikiwa inafaa. Kwa maoni yangu mpangilio huo unamfaa hata asiye Mkatoliki.

Ipo pia mipaka ya haki. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kuidhihirisha dini yake, na papo hapo kinakataza mtu kulazimishwa kutenda lolote lililo kinyume cha imani yake au kunyimwa ajira kwa sababu ya imani hiyo. Jirani Mwislamu wa Eastleigh au Mhindu wa Ngara anaweza kukuambia hapana, na ujirani ukaendelea. Mfanyakazi wa nyumbani anayealikwa kwenye maombi na mwajiri wake kila usiku hana nafasi hiyo, hata akialikwa kwa sauti tamu, kwa maana anayemwalika ndiye anayemlipa mshahara mwisho wa mwezi. Hali ni hiyo hiyo kwa mgonjwa aliye kitandani mbele ya muuguzi, na kwa mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Pale ambapo mtu hawezi kukataa bila kuogopa, hakuna ushuhuda, hata kama maneno yote yaliyosemwa ni ya kweli.

Mwenzako akitaka kujua zaidi, unaweza kumwalika ibadani au kusoma naye Injili ya Marko, ambayo ndiyo fupi kuliko nyingine tatu. Kuanzia hapo mambo yamehamia kwenye mafundisho, na kila kanisa lina utaratibu wake: Wakatoliki wana ukatekumeni, yaani kipindi cha kumwandaa anayetaka kubatizwa, Waanglikana wana madarasa ya kipaimara, na makanisa mengi ya Kipentekoste yana madarasa ya waumini wapya.