Pikapu yako inamisi? Itafute kwanza silinda iliyolala kabla hujanunua kitu

Watu wengi wanaoleta pikapu za zamani kwenye karakana yetu ya mafunzo wanafika wakiwa wameshanunua vitu tayari. Plagi mpya, koili mpya (kile kinachopandisha umeme wa kutoa cheche), wengine hadi pampu ya mafuta mpya, na gari bado inatetemeka vilevile, ukifungua boneti unaona injini inacheza kama inataka kung'oka. Mimi nafundisha ufundi wa injini na hili jambo linaniuma kweli, mana hela ya mtu imeisha kwa kubahatisha wakati kutafuta tatizo mara nyingi ni kazi ya nusu saa ukiwa na spana ya plagi, mita ya umeme na tochi.

Tuelewane kwanza misi ni nini. Injini ya silinda nne inachoma kwa zamu, nyingi zinafuata mpangilio wa 1-3-4-2, sasa silinda moja ikiruka zamu yake zile tatu zinabaki zinaiburuza, ndo unapata ule mtetemo, gari inakosa nguvu kwenye mlima, mafuta yanaisha haraka na nyuma kunanuka petroli mbichi. Ukiwa nje penye hewa ya kutosha weka kiganja mbali kidogo na mdomo wa eksozi, usiguse bomba, utasikia pumzi inakuja puf puf puf alafu inaruka moja. Kama inaruka kwa mpangilio uleule kila mara, kuna silinda moja imelala. Ikiruka ovyo ovyo, fikiria kitu kinachohudumia silinda zote, kama hewa inayovuja, petroli kidogo, au waya wa koili.

Kwa hiyo swali la kwanza ni silinda ipi. Kama gari yako ina kompyuta na taa ya cheki injini, isomeshe kwa mashine. Kwenye mfumo wa OBD2 (gari kujichunguza yenyewe kwa kompyuta), ambao Marekani iliulazimisha kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996, kodi (namba ya kosa) P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili na kuendelea, na P0300 maana yake misi inahamahama. Lakini kodi inakwambia ni wapi tu, kwa nini haisemi, na hapo ndo wengi wanakosea, wanaona P0303 wanakimbilia kununua koili.

Gari ambayo haina kompyuta ya kusoma ila ina injekta (zinazonyunyizia petroli), washa injini iungurume bila kukanyaga mafuta, chomoa soketi ya injekta moja moja na kuirudisha. Silinda nzima ukiikata injini inashuka na kutetemeka zaidi, ile iliyolala ukiikata hakuna kinachobadilika. Yenye kabureta, zima kwanza, chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba uliyoibana vizuri kwenye bodi ya injini ili moto, yaani umeme wa cheche, upate pa kwenda, mbali na petroli, ndo uwashe usikilize. Usifanye ule mtindo wa kunyofoa waya kwa mkono injini ikiwa inawaka, mle mnapita volti zaidi ya 20,000, na moto ukikosa pa kwenda unaweza kuua koili au moduli yake.

Njia nyingine naipenda mana haitaki kuchomoa chochote. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, washa dakika moja hivi alafu dondoshea matone mawili matatu ya maji kwenye kila tawi la manifoldi ya eksozi (mabomba yanayopokea moshi wa kila silinda) pale linapotokea kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Matatu yatakausha maji haraka, moja litabaki na tone lake limekaa tu. Hiyo ndo silinda yako.

Ukishaijua, chomoa plagi yake uiangalie kwenye mwanga pamoja na plagi ya silinda jirani, usiiangalie peke yake. Plagi inayochoma vizuri ncha yake ina rangi ya kahawia isiyokolea au kijivu. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi au moto ni dhaifu. Nyeusi iliyolowa na inateleza ukiigusa, oili inapanda, hapo kuna ringi (pete za pistoni) au sili za valvu. Nyeupe kama chokaa, silinda inapata joto kupita kiasi, mara nyingi petroli ni kidogo. Na ikiwa safi kabisa kama imeoshwa na maji kwenye rejeta yanapungua bila kuvuja chini, anza kuiwazia gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku.

Baada ya hapo hamisha vitu. Plagi ya silinda ya 3 ipeleke ya 1, ya 1 ilete ya 3, washa usikilize. Misi ikihama na plagi, umemaliza kazi. Isipohama, fanya hivyohivyo kwa waya kama urefu unaruhusu, au koili kama kila silinda ina ya kwake. Hii haigharimu kitu zaidi ya muda wako.

Kwenye pikapu za distributa, yaani kile kinachogawa moto kwa kila silinda, naomba ukae na kepu (kifuniko chake) kwa muda. Kuna moja tuliletewa ikiwa na plagi mpya na waya mpya, inamisi asubuhi zenye unyevunyevu, mchana ikishakauka iko sawa, mwenyewe alishazungukia mafundi mpaka kachoka. Tukaitoa kepu, kwa macho ya kawaida haina kitu, lakini tulivyoimulika tochi kwa ubavu tukaona ndani mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli, unatoka kwenye nguzo moja ya shaba hadi nguzo ya jirani. Ule ni ufa ambao moto umeupitia mpaka ukaacha kaboni, na kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo kukiwa na unyevu moto wa silinda moja unakimbilia kwa jirani. Kuusugua hakusaidii, unabadilisha kepu na rota (ile inayozunguka chini ya kepu) kwa pamoja. Waya nazo zichunguze gizani injini ikiwa inawaka, puliza ukungu wa maji kidogo bila kugusa kitu, waya mbovu utauona unarusha vicheche vya bluu.

Moto ukiwa mzuri, angalia tabia ya misi. Inayosumbua injini ikiunguruma taratibu tu na kupotea ukikanyaga, hiyo mara nyingi ni hewa inayoingia kwa wizi, hozi za vakyumu (mipira ya kunyonya hewa) za gari ya zamani zinakauka na kupasuka mwishoni pale zinapovaa. Sikiliza mluzi, bana hozi moja moja uone mlio unabadilika. Usinyunyizie petroli kutafuta tundu, injini ya moto inaweza kuwaka mbele yako. Misi inayokuja ukiwa na mzigo au kwenye mlima, angalia filta ya petroli na presha ya pampu.

Kisha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), ambayo watu wanaiacha mwisho au hawaigusi. Toa plagi zote, kata umeme wa koili na petroli, funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi la silinda moja moja, mtu akanyage mafuta mpaka chini, piga stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hadi 15 hivi. Iliyo chini itie kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi upime tena, ikipanda tatizo ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Lakini kabla hujakubali kufungua hedi, pima tapeti (uwazi kati ya valvu na kinachoisukuma) kwa fila geji (vibati vya kupimia uwazi) kulingana na kitabu cha injini hiyo, mana valvu ya eksozi iliyobana haipigi kelele yoyote, inakaa wazi kidogo kimyakimya mpaka inaungua, na ukiiwahi inapona kwa kurekebisha tu.

Mwenye dizeli, kwako hakuna cheche, tafuta hewa kwenye mabomba ya mafuta, nozeli na kompresheni, na usipeleke mkono kwenye bomba la nozeli linalovuja, ile presha inapenya ngozi.

Taa ya cheki injini ikianza kupepesa usilazimishe safari, punguza mwendo usimame, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye kataliti (kisafisha moshi kwenye eksozi) na kuipasha joto kali, na usipaki juu ya majani makavu.

Wakati wa kurudisha, plagi ianze kwa vidole injini ikiwa imepoa, ikigoma itoe uanze upya, usiisukume na spana, hasa kwenye hedi ya aluminiamu. Waya rudisha mmoja mmoja usichanganye mpangilio. Alafu tembelea gari siku mbili tatu, irudie ile plagi ya silinda iliyokuwa imelala, itoe uilinganishe tena na ya jirani yake. Zikifanana rangi, imepona.