Masoko ya zamani Mwanza: dhana potofu na ukweli

"Hili alijenga Mjerumani." Mwanza, kila ukuta mnene husemwa hivyo. Mjerumani aliondolewa hapa mwaka 1916, na reli kutoka Tabora ilifika 1928, enzi za Mwingereza. Biashara iliyokuja na treni ilihitaji maduka na masoko yake.

"La Mjerumani au la Mwingereza, sheria inalilinda." Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya 1863. Soko la miaka ya 1930 linahitaji tangazo la waziri kwenye Gazeti la Serikali. Wengi hugundua hilo tingatinga likiwa limeshawashwa.

"Saruji ni imara kuliko chokaa." Hapa ndipo majengo yanapouawa. Mawe ya Mwanza ni matale (graniti), hayanywi maji kirahisi, kwa hiyo unyevu wa msingini hupita kwenye maungio ya chokaa na kukaukia nje. Ukiyaziba kwa saruji, maji hupanda juu zaidi, plasta inavimba, na ukiigonga kwa kidole inalia kama debe tupu. Fundi anayepiga saruji nyingine juu yake anaficha ugonjwa tu.

Kwangua maungio kwa patasi na nyundo, kina cha sentimita 2.5; usitumie grinda, hula kingo za mawe. Tumia chokaa iliyozimwa na kulala pipani angalau mwezi, sehemu 1 kwa 3 za mchanga wa chembe kali. Ule laini wa ufukweni huleta nyufa. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi milimita 10, kisha funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Jua likiiwahi, chokaa hubaki unga. Rangi ya mafuta isiguse ukuta huo.

"Unga mweupe ukutani ni chumvi ya ziwa." Ziwa Victoria ni maji baridi! Chumvi hutoka kwenye kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) iliyoegemezwa ukutani, mifereji ya vyoo, na hata saruji yenyewe. Sogeza meza za kayabo, kisha upige brashi unga ukiwa mkavu; ukiuosha unaurudisha ndani.

"Kuna ufa, bomoa." Kagua kwanza mfereji wa bati unaomwaga maji msingini. Gundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, andika tarehe, subiri masika na kiangazi vipite. Kioo kikibaki kizima, ufa huo ni wa kale na unajazwa tu. Kikikatika, mwite mhandisi kabla ya kumwita mbomoaji.